Doa Lisilohama

4 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini boksi hili limekufikia likiwa zima. Kama lina mkunjo, walaumu watu wa mizigo. Mimi nililifunga kwa mikono yangu miwili na gundi nusu roli.

Huku leo ni siku ya kumi na saba hatujaliona Jua. Karakanani tunawasha taa saa nne asubuhi ili tuone tunachokisaga. Jana nimesaga lenzi thelathini na moja za watu wanaotaka kuona vizuri, na mimi mwenyewe sijaona hata kivuli changu. Ndiyo maana wiki nzima nasubiri kadi yako ya kamera. Tangu nilipokuachia darubini baada ya msiba wa Mama, Jua langu ni lile unalonitumia wewe.

Sasa nisikilize vizuri. Ndani ya boksi kuna kichujio kipya cha kuvalisha mdomo wa darubini. Kile cha zamani, kizito, ndicho cha kutazamia kwa jicho, kiendelee na kazi hiyo. Hiki kipya ni chepesi. Kinapitisha mwanga mara kumi na sita zaidi, na kazi yake ni kamera peke yake. Kamera ikipata mwanga mwingi inafungua na kufunga haraka, mtetemo wa hewa hauiwahi picha. Lakini jicho, hapana. Hata kwa dakika moja. Jicho halisikii maumivu kwa ndani, linaungua kimya kimya. Nimeandika onyo kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manjano. Libandike mahali utakapoliona. Na usiniambie kwamba ulishika kamera kabla sijazaliwa. Najua.

La mwisho ni zito kidogo. Kaka amenipigia simu. Anasema tangu Mama afariki umeacha jiko likiwaka mara mbili, na anataka uhamie kwake, studio ifungwe. Nimemwambia mzee anayepanda juu ya paa kila siku, akalipiga picha Jua, akaandika saa na hali ya hewa, hahitaji kulindwa kama mtoto. Akaniuliza, "Ziko wapi hizo picha?" Nikamtumia za Desemba. Baba, zina ukungu. Alizitazama akasema, "Hili ni Jua au ni kitako cha sufuria?"

Nisaidie nikutetee.

Mwanao, fundi miwani


13 Januari

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Boksi limefika. Gundi yako imenichukua nusu saa na kisu cha jikoni. Siku nyingine nitumie na ufunguo.

Onyo nimelisoma. Nimelibandika ukutani kwenye chumba kidogo cha juu, usawa wa paji la uso, mahali ambapo hata mwizi atalisoma kabla hajaiba.

Kuhusu ukungu, nikueleze kabla hujaniaibisha zaidi. Napanda ngazi ya chuma saa mbili na nusu, kabla saruji ya paa haijapata joto na hewa kuanza kucheza. Mpaka hapo sina tatizo. Tatizo ni hiki kioo cha nyuma ya kamera. Ni kidogo kama stempu, na kwenye mwanga kinageuka kuwa kioo cha kunyolea: nikikiinamia namwona mzee mwenye ndevu za wiki. Nimejifunika kile kitambaa cheusi cha studio, nikatoa jasho la mgonjwa wa homa, na bado sioni kama ukingo wa Jua umekaza au haujakaza. Nabahatisha. Miaka arobaini na mbili nimepiga picha za watu sijawahi kubahatisha hata pua ya mtu.

Mwambie kaka yako asante kwa kunifikiria. Ana moyo mzuri, ila mikono yake ya ufundi imezoea majokofu. Akiona kitu anataka kukigandisha. Nyumba hii siihami. Studio niliijenga na mama yenu, na chumba cha giza alikipaka rangi yeye, nyeusi mpaka kwenye nywele zake. Nikienda kwa kaka yako nitakuwa mgeni wa kudumu, mtu wa kuulizwa kama amekula. Hapa nikila nimekula, nisipokula ni siri yangu.

Kadi imo ndani. Picha nane, siku nane. Doa kubwa lililoingia upande wa mashariki limeshafika katikati, na mdogo wake anamfuata nyuma.

Baba yako


22 Januari

Baba,

Shikamoo. Sitazunguka. Picha zina ukungu bado.

Hayo madoa mawili nayaona, lakini nayaona kama mtu anavyoliona doa la wino kwenye shati lililofuliwa. Kichujio kikikaa sawa na fokasi ikakaa sawa, tunatakiwa kuona weusi wa katikati umetengana na ukingo wa kijivu unaouzunguka, na nyuzi ndani ya ule ukingo. Na sehemu nyingine zote zijae punje ndogo ndogo, maana uso wa Jua unachemka, hautulii. Haya yote yamo kwenye uwezo wa darubini yetu. Lenzi yake niliisaga mwenyewe, siisingizii.

Nakumbuka nikiwa na miaka tisa nilikuletea picha niliyoisafisha mwenyewe, ya bibi harusi. Uliishika pembeni kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya, ukasema, "Huyu ameolewa na moshi?" Ukaichana, ukanirudisha chumba cha giza. Picha zako za wiki hii, Baba, wewe mwenyewe ungezichana.

Kaka anasema anakuja Aprili na gari la kubebea vyombo. Hatanii. Nipe picha moja tu, moja kali, niiweke mbele yake, nimwambie aeleze ni mzee gani asiyejiweza aliyeipiga. Fanya unavyojua wewe, ila ikaze.

Mwanao


2 Februari

Bi Miwani,

Ulitaka picha. Tazama.

Sitasema mengi. Nimeachana na kioo cha stempu, nimerudi kwenye utaratibu niliokufundisha: jicho kwanza, kamera baadaye. Naweka lenzi ya jicho, narekebisha mpaka ukingo unakata kama wembe, naweka alama kwa penseli kwenye bomba, naitoa, navalisha kamera. Kazi ya mikono inayojua inachokifanya.

Mpelekee fundi majokofu salamu zangu.

Baba yako


11 Februari

Baba, Baba, Baba!

Shikamoo mara tatu. Nimeifungua kadi karakanani wakati wa chakula, na watu wakaacha chakula. Msimamizi wetu, mtu asiyesifia hata mvua ikikatika, alisimama nyuma yangu akauliza nani amepiga. Nikasema baba yangu, juu ya paa la nyumba yake, akiwa na miaka sabini na moja. Akavua miwani akaifuta.

Punje zote zipo. Nyuzi za ukingo zipo. Karibu na ukingo wa magharibi kuna mabaka meupe ambayo sijawahi kuyaona isipokuwa vitabuni. Najua ni usumbufu kuvalisha kichujio kizito kwanza kwa ajili ya jicho, kisha kukibadilisha na chepesi kwa ajili ya kamera, lakini matokeo si ndiyo haya. Usiache utaratibu huo.

Kaka nimemtumia. Alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Halafu akasema, "Basi, asubiri mpaka mwisho wa mwaka tutaona." Umesikia? Gari la vyombo haliji. Umebaki kwako, na umejibakiza mwenyewe.

Nakupenda. Nasema sasa hivi nikiwa na furaha, kabla aibu haijarudi.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, kisha kalamu ikapotea, kisha nikaikuta mkononi.

Picha za safari hii utaniwia radhi kama si kali sana. Hewa imekuwa mbaya. Nimekuwekea na michoro, nimechora kwa mkono kile ninachokiona kwenye lenzi ya jicho, siku moja karatasi moja.

Utaona kuna jambo geni. Katikati kabisa ya Jua limetokea doa jipya. Ni kubwa, la kijivu, halina ukingo wala nyuzi, kama mtu ameweka kidole chenye mafuta. Leo ni siku ya tisa na liko palepale. Waulize wanaojua, huenda hata wao hawajaliona.

Baba yako


12 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na mafua. Mwandiko wako nao umepata mafua: mistari inapanda mlima, na sentensi ya mwisho imeandikwa juu ya ile iliyotangulia. Andika mezani, usiandikie magotini.

Kuhusu doa. Nimefurahi, halafu nikatilia shaka. Doa la Jua halikai, Baba. Jua linazunguka na madoa yake yanazunguka nalo, yanaingia upande huu na kutoka upande wa pili kwa muda wa wiki mbili hivi. Hilo lako limekaa katikati siku tisa kama mwenye nyumba. Picha zina ukungu mno, siwezi kuona kama limo au halimo.

Nadhani ni vumbi. Lijaribu kama tunavyofanya hapa kwenye lenzi yenye doa: zungusha kitu kimoja kimoja. Tumia kichujio kizito, tazama, kisha zungusha lenzi ya jicho kwenye bomba lake. Doa likizunguka nayo, vumbi liko kwenye lenzi. Lisipozunguka, zungusha kichujio. Lisipozunguka tena, badilisha lenzi, tumia ile ndogo. Mahali fulani doa litakubali kwamba ni lake. Niandikie kila hatua.

Mwanao


21 Machi

Mwanangu,

Nimefanya yote.

Nimezungusha lenzi ya jicho. Doa halikuzunguka. Nimezungusha kichujio. Halikuzunguka. Nimebadilisha lenzi, nimeweka ndogo, kisha kubwa. Lipo. Nimepiga kila kioo brashi ya manyoya, ile ya studio. Lipo. Mwisho nimelisukuma Jua lenyewe mpaka pembeni ya duara, nikaligeukia huko, na doa nalo likanifuata, likakaa katikati vilevile.

Kwa hiyo si vumbi. Darubini yako ni safi kuliko sahani zangu. Usininunie, lakini nadhani ni jambo jipya kwenye Jua na nyinyi wa vitabu hamjalisoma.

Kadi sijaituma. Wiki hii sikupiga.

Baba yako


29 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Nimetandika michoro yako yote mezani, na pembeni yake picha zako zote, siku kwa siku. Ukungu upo, lakini madoa mawili ya kweli yanaonekana kwenye picha pale pale ulipoyachora. Mkono wako haujakosea hata unywele. La tatu, lile la katikati, halimo kwenye picha yoyote. Hata moja. Kamera hailioni, Baba.

Na umeandika kwamba ulipogeuka, likakufuata.

Naomba ufanye jambo moja, na nakuomba kama mtoto anavyomwomba mzazi. Usipande kwenye paa. Ingia studio, simama mbele ya ule ukuta mweupe wa picha za pasipoti. Fumba jicho la kushoto, lile lililorukiwa na dawa ya picha zamani, ambalo haliwezi kusoma. Kwa jicho la kulia tazama katikati ya ukuta. Kisha niambie.

Na niambie pia, hata kama ni aibu: uliwahi kuweka jicho kwenye kichujio chepesi? Sitakugombeza. Naapa kwa Mama sitakugombeza.

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Lipo ukutani. Lipo na kwenye karatasi hii.

Baba


14 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi si mtu wa barua. Nimeona simu hazitatosha kwa hili, na wewe na Baba mna lugha yenu ya karatasi, basi nami nijaribu.

Jumatatu Baba alinipigia. Unajua huwa hapigi. Aliniambia neno moja, "Njoo," akakata. Nilifunga karakana na jokofu la watu likiwa limefunguliwa tumbo, nikaendesha saa saba. Nilimkuta sebuleni amekaa na mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Alikuwa amemimina maji ya moto pembeni ya kikombe. Alisema kikombe kilikuwa kimeingia ndani ya doa.

Nimempeleka kwa daktari wa macho. Walimwekea matone, wakamwangalia ndani kwa mashine, mimi nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Daktari anasema pazia la nyuma ya jicho la kulia limeungua, katikati kabisa, mahali pa kusomea na pa kutambulia sura. Sehemu ndogo huenda ikarudi baada ya miezi. Sehemu kubwa haitarudi. Pembeni anaona.

Nilipanda juu ya paa. Kichujio chepesi kilikuwa kwenye mdomo wa darubini. Kile kizito kilikuwa kwenye boksi lake, kimejaa vumbi. Kwenye lenzi ya jicho nilikuta kipande cheusi kimebandikwa kwa utepe. Nikakibandua nikampelekea daktari. Ni ncha ya filamu ya zamani ya rangi, ile iliyopigwa na mwanga ikawa nyeusi tii. Baba anasema aliibandika ili jicho lisiumie, na kweli halikuumia. Daktari akatikisa kichwa. Anasema filamu ile inazuia mwanga unaoonekana, lakini joto lisiloonekana inaliachia lipite lote, na jicho likidhani ni giza linajifungua zaidi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Miaka arobaini na mbili na filamu, sikulijua hilo."

Karatasi yako ya manjano niliikuta ukutani. Imepigiwa mstari mahali ulipoandika "hata kwa dakika moja".

Nina hasira, sikufichi. Mlinitumia picha nzuri ili ninyamaze. Ile ya Februari, ulidhani nilinyamaza kwa sababu umenishinda hoja. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa nzuri mno, na nilikuwa sijui kama Baba bado anafurahi. Mimi studio siitaki. Mambo ya madoa siyajui. Nilitaka tu asiwe anakula peke yake.

Kaka yako


20 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua ya kaka. Sijui niandike nini, na nikinyamaza ni vibaya zaidi.

Nimekumbuka kila nilichokuandikia. Nilikuambia ungezichana. Nilikuambia, "Fanya unavyojua wewe, ila ikaze." Nilikuwa na haraka ya kumshinda kaka, nikakuweka wewe mezani kama ushahidi. Uliponiletea ile picha nilicheza karakanani kama mwehu, na kumbe kila punje niliyokuwa naihesabu ilikuwa inakula jicho lako. Nilipaswa kujua. Kazi yangu ni macho ya watu. Ulipoandika "jicho kwanza, kamera baadaye", nilipaswa kukuuliza ni kichujio gani, na badala yake nikakusifia.

Kutwa nasaga lenzi. Jana amekuja mama mmoja, nikampimia, akavaa, akaona mti wa ng'ambo ya barabara jani kwa jani, akalia. Nikaenda stoo nikafunga mlango. Hakuna lenzi ninayoweza kukusagia wewe. Lenzi inarekebisha njia ya mwanga tu. Ukuta wa mwisho ukiungua, hatuna la kufanya.

Nimeamua mambo mawili. Naacha kazi narudi nyumbani, nikae nawe hapo hapo studio, usihame. Na kaka nitamwambia kwamba utando wa kichujio nilichokutumia ulikuwa mbovu, una tundu, kosa langu la mkono. Akijua hukukaidi, kwamba ulifuata maelekezo na ukaponzwa na mimi, hatakuwa na sababu ya kusema hujiwezi. Acha aninunie mimi. Nina miaka mingi ya kununiwa mbele yangu, na nyumba ni yako.

Nijibu, Baba. Hata neno moja kama lile.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii anaiandika wifi yako. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asiongeze sukari. Tayari nimemsikia anavuta kamasi, na bado hatujaanza.

Nimekaa kimya siku nyingi kwa sababu nilitaka nikujibu nikiwa nimeshatulia mahali. Niko kwa kaka yako. Sikubebwa. Nilifunga studio kwa mkono wangu, nikazunguka kila chumba nikigusa kuta, na chumba cha giza nilikaa ndani yake kidogo na mlango umefungwa, maana mle ndani mimi na mtu mwenye macho mawili tuko sawa. Kisha nikatoka nikamwambia kaka yako twende. Iliniuma. Sitakudanganya kwamba haikuniuma.

Usiache kazi. Na usimwambie kaka yako habari ya utando mbovu. Utando ulikuwa mzima. Onyo nililisoma mara tatu na mstari niliupiga mimi. Sikio la kufa halisikii dawa. Ukinibebea kosa hili utaninyang'anya kitu, na sina vingi vilivyobaki.

Sasa nikwambie nisilomwambia daktari. Nilipoachana na kioo cha stempu, siku nne za kwanza nilibadilisha vichujio kama ulivyoagiza. Kila nikigusa mdomo wa darubini, Jua linahama, naanza upya. Siku ya tano nikachoka. Nikakata ncha ya filamu nyeusi nikabandika, nikatazama kupitia kile chepesi. Jicho halikuuma. Nikarekebisha, ukingo ukakaza. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Ningevalisha kamera, nipige, nishuke nikanywe chai.

Sikushuka. Zile punje zilikuwa zinachemka, moja inazimika, nyingine inazuka pembeni yake, taratibu, bila kelele yoyote. Tangu tumzike mama yenu nilikuwa naamka kwa sababu asubuhi imefika. Kesho yake niliamka kwa sababu nilitaka kuona kitu. Mchovya asali hachovyi mara moja. Ikawa nusu saa, ikawa saa nzima. Picha nilizokutumia zilikuwa kazi ya dakika moja, muda uliobaki ulikuwa wangu mimi. Kwa hiyo ondoa hilo jiwe kifuani. Sikutazama kwa sababu ya barua zako, wala kwa kumkimbia kaka yako. Nilitazama kwa sababu lilikuwa zuri, na nilikuwa na njaa ya kitu kizuri, na niliona aibu kuwaambia watoto wangu kwamba nina njaa hiyo.

Wifi yako anauliza kama ningejua ningetazama tena. Nimemwambia aandike, asiulize.

Ninachokikosa sasa si Jua, ni nyuso. Mezani hapa tunakaa watu sita. Nikimtazama mtu usoni, uso haupo. Naona nywele, naona kola ya shati, katikati hakuna mtu. Wiki ya kwanza nilikuwa nakula nimeinamia sahani, wakadhani nina hasira nao. Nilikuwa naogopa tu kuwafuta.

Halafu siku moja kaka yako alikuwa ananieleza habari ya mota iliyoungua, nami nimechoka, macho yamelalia begani kwake. Na uso wake ukaja, pembeni, hafifu lakini mzima, na macho na mdomo. Ana mikunjo machoni, mwanangu. Ni mtu mzima. Miaka mingapi nilimtazama usoni nisiione? Nikasogeza macho nimwone vizuri, akapotea. Nikayarudisha begani, akarudi. Yeye akageuka kuangalia bega lake, akidhani ana uchafu.

Nimemweleza. Sasa tukizungumza anajua.

Njoo likizo ikifika. Usije na maneno ya msamaha, nyumba hii ni ndogo. Njoo mchana, ukae dirishani mbele yangu penye mwanga, unisimulie habari za karakana yenu. Mimi nitakuwa natazama sikio lako, au dirisha lililo nyuma yako. Usigeuke kutafuta nani yuko huko. Nitakuwa nakuona wewe.

Baba yako